Ndege Inajuaje Mbio Zake?

Mwanafunzi mmoja ametuuliza: gari linajua mwendo wake kwa mzunguko wa magurudumu, sasa ndege huko juu haigusi kitu, rubani anajuaje mbio zake? Swali zuri, na hata wazee wanaongojea safari za mbali watapenda kulisikia.

Jibu ni hewa yenyewe. Ukiteremka mlima kwa baiskeli, upepo unakupiga kifuani, na ukizidisha mbio nao unazidi. Ndege ina mrija mdogo unaotazama mbele. Hewa inaingia humo na kubanwa. Ubavuni kuna vitundu vinavyopokea hewa tulivu tu. Chombo kinapima tofauti ya migandamizo hiyo miwili. Tofauti ikikua, mshale unapanda. Aliyeanza ni Mfaransa Henri Pitot, mwaka 1732, na wala hakuwa na habari ya ndege: alikuwa anapima mwendo wa maji ya mto Seine, kule Paris.

Je, mrija ukiziba? Tarehe 6 Februari 1996 ndege aina ya Boeing 757 iliruka usiku kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, kuelekea Ujerumani. Ilikuwa imekaa siku nyingi uwanjani, mirija haikufunikwa. Wachunguzi waliona huenda nyigu, wa jamii ya wale wanaojenga kwa udongo kwenye kuta zetu, waliuziba mrija wa upande wa rubani mkuu. Hewa iliyonaswa ndani ikabaki vilevile, huku ya nje ikipungua kadiri ndege ilivyopanda. Basi tofauti ikakua, mshale ukadanganya kwamba mbio zimezidi. Mtambo unaojiendesha ukainua pua ya ndege na kupunguza nguvu za injini. Kumbe mbio zilikuwa zinaisha, na bila mbio mabawa hayabebi! Chombo cha rubani msaidizi kilikuwa kinasema kweli, lakini hawakukifuata kwa wakati. Ndege ikaanguka baharini, watu wote 189 wakafa.

Ndiyo maana ndege ikilala uwanjani mirija huvikwa vifuniko vyenye utepe mwekundu, ili mtu asisahau kuvitoa. Kabla ya kuruka, rubani mmoja huizunguka kwa miguu akichungulia. Ukimwona, usidhani amepoteza kitu.

Mwezi ujao tutajibu lingine: kwa nini masikio yanaziba ndege inapopanda?