Libasi ya Mwendesha Pikipiki

Katika vijiwe vya bodaboda vya Masukulu na vya Tukuyu mjini, na kando ya barabara kuu itokayo Uyole na kuteremka hadi Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi, hapana mwendesha pikipiki asiyejua kwamba kofia ngumu huokoa roho. Na hata hivyo kofia hiyo, ambayo vijana wenyewe huiita elementi, aghalabu huonekana imetundikwa kwenye kioo cha pembeni au imepachikwa kwenye kiwiko cha mkono, ikingoja kuvaliwa pale tu askari wa usalama barabarani atakapochomoza mbele. Wako wasemao kwamba huu ni ujinga, na wako wasemao kwamba ni ukaidi wa ujana. Mimi naona hukumu zote mbili zimechanganyika na dhuluma. Kijana huyo huyo anayeikataa kofia hujinyima mengi ili anunue koti zito lenye manyoya shingoni, viatu vya kung'aa na miwani nyeusi, na pikipiki yake huipamba kwa stika, vishada na maandishi kwenye madigadi. Mtu wa namna hii hadharau mwili wake hata kidogo. Anaupenda, anauenzi, na anataka uonekane. Basi atakaye kumvika kofia na aache kupigana na umaridadi wake, kwa kuwa umaridadi huo ndio msaidizi mwenye nguvu kuliko faini.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika wilaya yetu ya Rungwe kwa sababu ya nchi yenyewe. Tukuyu ipo kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mvua yake kwa mwaka hupita milimita 2,000, na asubuhi za Juni na Julai ukungu hushuka mpaka mtu haoni mgomba ulio hatua chache mbele yake. Barabara za udongo ziendazo vijijini huteleza masika yote, na juu ya utelezi huo pikipiki hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya maparachichi, madumu ya maziwa, mama mjamzito aendaye zahanati na mgeni aliyechelewa msibani. Aangukaye hapa hupelekwa Makandana, hospitali ya wilaya. Na akiwa ameumia ubongo, aghalabu safari huendelea hadi Mbeya, mwendo wa kilomita 70 hivi za mlima na kona, ilhali kila dakika ipitayo inamwondolea sehemu ya akili yake.

Wengi hudhani kwamba kofia ya pikipiki ilibuniwa na serikali kwa ajili ya kuwaudhi raia. Habari yake ni nyingine. Mwezi Mei mwaka 1935, T. E. Lawrence, Mwingereza yule aliyepigana pamoja na Waarabu wa Hijazi dhidi ya Waturuki, alikuwa akiendesha pikipiki yake ya Brough Superior karibu na nyumba yake katika jimbo la Dorset, akawakwepa wavulana wawili waliokuwa juu ya baiskeli, akatupwa chini. Hakuwa na kofia ya kumkinga. Alikaa siku sita bila fahamu, kisha akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa matabibu walioitwa kumwangalia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, na kifo kile hakikumtoka moyoni. Vita Kuu ya pili ilipozuka, na askari wapeleka barua wa jeshi la Uingereza wakawa wanakufa kwa pikipiki kwa wingi wa kutisha, Cairns alikusanya habari za majeruhi wa vichwa, akaziandika mwaka 1941, akaonyesha kwamba wale wachache walioanguka wakiwa na kofia ngumu walipata majeraha mepesi kuliko wenzao. Mwezi Novemba mwaka ule ule jeshi liliamuru wapanda pikipiki wake wote wavae. Raia wa Uingereza hawakulazimishwa kwa sheria mpaka mwaka 1973, miaka 32 baadaye, ambao ndio mwaka ilipotungwa pia Sheria ya Usalama Barabarani ya kwetu Tanzania. Kwa hiyo kofia hii imeenezwa kwa juhudi za tabibu aliyeshindwa kumwokoa mtu mmoja, akadhamiria kuwaokoa wengine. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2008, uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali, ulikadiria kwamba kofia hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na hatari ya jeraha la kichwa kwa asilimia 69.

Lakini kofia ipi? Hapa ndipo umaridadi na usalama hugombana kweli, na hapa ndipo mnunuzi anapohitaji elimu kuliko mahubiri. Kazi ya kofia haifanywi na ganda la nje lenye rangi, ila na lile tabaka jeupe, jepesi, lililo ndani yake baina ya ganda na kitambaa. Kichwa kikigonga chini, tabaka lile hubonyea na kusagika, na katika kusagika huko hula nguvu ya kishindo ambayo ingalikwenda kwenye ubongo, mfano wa majani makavu ya mgomba ambayo mkulima hupanga ndani ya tenga ili maparachichi yake yafike sokoni bila kuchubuka. Kofia isiyo na tabaka hilo, pamoja na ile ya mafundi ujenzi ambayo baadhi ya vijana huivaa, ni pambo tu. Kofia iliyokwisha kugonga chini katika ajali imemaliza kazi yake hata kama kwa nje inang'aa, na ndiyo sababu kofia ya mtumba isiyojulikana historia yake ni biashara ya kubahatisha. Tena kuna madhara yanayofanywa kwa nia njema ya kupendezesha: kijana huisugua kofia kwa petroli ipate kung'aa, asijue kwamba petroli huliyeyusha lile tabaka jeupe, au humpelekea fundi wa rangi aipake upya kwa rangi iliyochanganywa na tina, nayo tina hudhoofisha plastiki za aina nyingi. Atakaye mapambo na abandike stika juu ya ganda, au anunue kofia iliyotoka kiwandani na rangi aipendayo. Mkanda wa kidevu ufungwe, kwa sababu kofia isiyofungwa hutangulia kuruka kabla ya mwenyewe kufika chini. Na kile kioo cheusi cha mbele, ambacho humpa mtu haiba ya fumbo, ni kipofu wakati wa magharibi na ndani ya ukungu. Mwenye kukitamani awe nacho cha mchana, na cheupe awe nacho cha kazi.

Koti nalo lina nasaba yake. Lile koti la ngozi jeusi lenye zipu ya mshazari ambalo dunia nzima hulivaa leo kwa urembo, hata wasiowahi kupanda pikipiki, lilishonwa mwaka 1928 na Irving Schott wa New York kwa ajili ya wapanda pikipiki, na zipu yake ilikatwa mshazari kwa ajili ya kuzuia upepo na isimchome mpandaji tumboni anapoinama. Umaarufu wake ulikuja baadaye, Marlon Brando alipolivaa katika filamu ya mwaka 1953. Nimelitaja ili nishuhudie kwamba vazi la kinga likishonwa kwa ustadi, uzuri huufuata ustadi huo wenyewe, wala hauhitaji kuombwa. Vijana wetu wa Rungwe wanayo akili hiyo hiyo, maana wamezoea kuvaa koti zito nyuma mbele, mgongo wake ukafunika kifua na pasiwe na mwanya wa upepo wa Mlima Rungwe kupenya. Mbinu hiyo ni nzuri kwa baridi. Kasoro yake ni kwamba makoti hayo ya mitumba karibu yote ni meusi au ya rangi ya majivu, na mtu mwenye koti jeusi, juu ya pikipiki nyeusi, ndani ya ukungu mweupe, dereva wa lori la chai humwona akiwa tayari amemkaribia mno.

Kuhusu kuonekana, yapo matokeo ya utafiti uliofanywa Auckland, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2004, nayo yanastahili kubandikwa katika kila kijiwe: waliovaa mavazi ya kuakisi mwanga au ya rangi kali walikuwa na hatari ndogo ya kuumia katika ajali kwa asilimia 37 kuliko wasiovaa, na wenye kofia nyeupe walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 24 kuliko wenye kofia nyeusi. Kofia nyeupe haina bei zaidi ya nyeusi. Kizibao cha kuakisi ni nguo rahisi kuliko zote anazonunua mwendesha bodaboda, na kama kinamchukiza kwa sababu kimekatwa vibaya na kinapepea kama gunia, tunao mafundi cherehani Tukuyu wawezao kushona mistari ya kuakisi moja kwa moja juu ya koti lake, mabegani na mikononi, kwa mkato anaoupenda mwenyewe.

Miguu nitaipitia upesi. Ndala si viatu vya pikipiki, na suruali ya jinzi iliyochanwa magotini kwa ajili ya mtindo imempa barabara mlango wa kuingilia. Buti la mpira la shambani, ambalo vijana huliona la kishamba, humkinga mtu na tope na eksozi kuliko raba nzuri ya mjini, ingawa buti la ngozi lililofunika kifundo ni bora kuliko vyote viwili.

Abiria ndiye aliyesahauliwa zaidi, na katika abiria, mwanamke. Mama aliyesukwa nywele kwa ajili ya harusi au ibada huletewa kofia iliyovaliwa na vichwa vingi tangu alfajiri, imelowa jasho na mvua. Anapoikataa huambiwa kwamba anaringa. Haringi. Anachelea mapunye, na anatunza nywele zilizomgharimu fedha na nusu ya siku. Dawa yake si kumsuta. Kipande cha kitenge chepesi kilichobaki kwa fundi hutosha kushona kofia ndogo ya ndani ambayo kila mwanamke anaweza kuwa nayo mkobani, ya rangi ifuatanayo na nguo yake, akaivaa kwanza, kisha kofia ngumu ikakaa juu yake bila kugusa kichwa. Maadamu kitambaa ni chembamba na kofia ngumu bado inabana sawasawa, kinga haipungui. Mafundo marefu ya nywele yanayoiinua kofia, hayo nayasema kwa uzito, hayana budi kungojea siku isiyo na safari. Vilevile pindo la khanga na ncha za mtandio zikunjwe na kukaliwa. Mcheza ngoma mashuhuri wa Marekani, Isadora Duncan, alikufa Nice mwaka 1927 kwa mtandio wake mrefu wa hariri kunaswa na gurudumu la motokaa, na mnyororo wa pikipiki hauna huruma kuliko gurudumu lile. Wanawake wengi wa huku, kwa ajili ya baridi, wamezoea kuvaa suruali chini ya gauni. Mazoea hayo ni hazina, kwa sababu humwezesha mama kupanda kwa kutanua miguu, kwa stara kamili, badala ya kukaa upande akining'inia, na humhifadhi na lile kovu la eksozi ambalo wasafiri wengi wanalo kwenye muundi.

Kwamba umaridadi unaweza kuamrishwa ufanye kazi ya maana, historia yetu imekwisha kuthibitisha. Ngoma ya beni ilipoanza pwani mwishoni mwa karne ya 19, na vyama vya Marini na Arinoti vikaeneza mashindano yake mpaka bara kwa miguu ya askari, watu walijigharimia sare, kofia na viatu kwa hiari yao, wala hapakuwa na askari wa kumtoza faini asiyevaa. Aibu ya kushindwa na chama kingine ilitosha. Kijiwe cha bodaboda ni chama cha namna hiyo. Kina mwenyekiti wake, kina zamu zake, kina mfuko wa kuzikana, na kina wivu mkubwa juu ya jina lake. Laiti kila kijiwe cha wilaya hii kingechagua rangi yake kali, kikaivaa mabegani na kichwani, abiria wangejua mtu wao kwa mbali, wezi wanaojifanya bodaboda usiku wangekosa pa kujificha, na kijana asiye na kofia ya kijiwe angejiona yu uchi mbele ya wenzake.

Imebaki fedha, na siwezi kuikwepa, kwa sababu vijana walio wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wako wapelekao hesabu kwa tajiri kila jioni, na wako walio katika mkataba wa kulipa kidogo kidogo hadi chombo kiwe chao. Tajiri hutoa pikipiki, bima na leseni ya chombo. Kichwa cha mwendeshaji humwachia mwendeshaji, na kichwa cha abiria hakiandikwi popote. Huo si uungwana, wala si hesabu nzuri, kwa kuwa kijana akivunjika fuvu, mkataba nao umevunjika. Naomba matajiri wa Tukuyu, na wa Masukulu walio wachache na wanaojulikana kwa majina, waandike katika mikataba yao mipya kofia mbili nzuri, zenye alama ya viwango na zilizopimwa kwenye kichwa cha kijana mwenyewe dukani, pamoja na koti moja lenye mistari ya kuakisi, bei yake ikigawanywa katika marejesho ya miezi yote ya mkataba. Na kijana apewe haki ya kuchagua rangi.