Kitabu cha Kikristo kitembee, kisikae chini ya kitanda

Mwaka juzi mwalimu mmoja wa Gatina, hapa Kawangware, alinionyesha maboksi matatu yaliyokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na nakala mia mbili na ushei za riwaya yake, bado zinanukia wino. Alikuwa amekopa pesa kwenye chama, akachapisha River Road, akapata nambari yake ya ISBN kwa watu wa Maktaba ya Taifa, akafanya uzinduzi kanisani kwake. Uzinduzi ulifana. Palikuwa na hema, viti vya kukodi, soda, keki, na mgeni rasmi aliyenunua nakala ya kwanza kwa shilingi elfu kumi huku akina mama wakipiga vigelegele. Jioni, watu wakikunja hema, mwalimu aliikuta nakala ile ya elfu kumi juu ya kiti. Mgeni rasmi alikuwa ameiacha.

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Uzinduzi unawauzia kitabu watu wanaompenda mwandishi, na kumpenda mtu si kumsoma. Wananunua kama wanavyochanga kwenye harambee, na mchango ukishatolewa kazi imekwisha. Wiki inayofuata mwandishi anarudi nyumbani na maboksi, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia kama sura ya tatu imemgusa au imemchosha.

Nasema waandishi Wakristo wa mitaa yetu waache kuutegemea uzinduzi. Wakipeleke kitabu ziarani.

Wenzetu wa Marekani na Uingereza wanaifanya ziara hii mtandaoni. Mwandishi anagawa nakala za bure kwa wahakiki kadhaa, kila mhakiki anapangiwa siku yake, na kwa wiki mbili tatu kitabu kinazungumzwa mahali papya kila kukicha. Sisi tumeichukua na kuivisha nguo za hapa. Tuko wasomaji kumi na wawili, sita wa Kawangware na sita wa Kibera. Mimi nauza mitumba soko la Toi na naishi Kabiro, kwa hiyo kibanda changu ndicho posta. Nakala zinaanzia Gatina na Congo, mitaa ya hapa Kawangware, nazishusha Barabara ya Naivasha hadi Dagoretti Corner, kisha Ngong Road mpaka Toi, zimefungwa kwa gazeti na kulala chini ya meza pamoja na sweta za watoto. Wa Kibera wanazichukulia hapo: wa Olympic, wa Makina, wa Laini Saba, wa Lindi, wa Gatwekera na wa Soweto. Kila mtu ana wiki mbili za kusoma. Baada ya hapo, Jumamosi kwa Jumamosi, mmoja mmoja anausoma uhakiki wake mbele ya ushirika wa mtaa wake, mwandishi akiwa amekaa papo hapo, na ujumbe wa sauti unatumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa.

Watu huniuliza wasomaji tunawatoa wapi. Wapo, na wamekaa tayari. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, chini ya AMECEA, walikutana hapa Nairobi mwaka 1973 na tena 1976, wakaamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Ndiyo maana leo, ukipita Laini Saba au Riruta siku ya jumuiya, utakuta watu kumi au kumi na watano kwenye chumba kimoja, wengine wamekaa kitandani, wanasoma Neno na kusemezana. Sisi Waprotestanti tuna ushirika wetu wa nyumbani. Ni duka gani la vitabu mjini lenye wasomaji waliokwisha kuketi, vikombe vya chai mkononi, wamezoea kusikiliza maandishi yakisomwa kwa sauti?

Wala si jambo la kigeni kwa Mkristo. Paulo alipowaandikia Wakolosai aliwaagiza kwamba barua ikishasomwa kwao ipelekwe isomwe Laodikia, na ile ya Laodikia waisome wao. Maandishi ya kanisa yalitembea kabla ya kuwekwa kabatini.

Sasa nisimulie lililotokea kwa riwaya ya mwalimu, maana hapo ndipo nilipoamini kabisa.

Kisa chake kinahusu kijana wa Lindi aliyeingia genge, akapotea miaka minne, kisha akarudi kwa mamaye. Katika sura ya nne mama anamkalisha mwanawe kwenye kiti, anajaza karai maji, anamwosha miguu. Sura hiyo ndiyo mwalimu aliyojivunia kuliko zote. Mhakiki wetu wa Lindi ni dada anayeuza maji. Shule aliiachia kidato cha pili. Alipoileta nakala yake kibandani kwangu ilikuwa na tone la mchuzi wa maharagwe pembeni, na chini ya aya ile ya karai alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo zilizolala: "Mwalimu, umesema maji yamepotea wiki nzima. Siku kama hiyo mtungi haubaki shilingi tano. Ni ishirini. Mama huyu amepata wapi karai zima?"

Jumamosi ya Lindi tulikuwa watu kumi na wanne, na mvua ikipiga mabati hata tukasogeleana ili tusikie. Dada aliusoma uhakiki wake bila kutetemeka. Aliisifu lugha, akasema kijana yule anamjua, kwamba kila mlango wa Lindi una mmoja. Kisha akafika kwenye karai. Mwalimu alijaribu kujitetea, akasema ile ni ishara ya upendo. Dada akamjibu kwa upole, "Ni kweli, mwalimu, lakini upendo wa huku unapimwa kwa kikombe." Mama mmoja mzee akadakia kwamba yeye angetumia maji aliyosuuzia vyombo. Mwingine akakataa, akasema mtoto aliyerudi haoshwi kwa maji ya vyombo, afadhali watu walale bila chai. Walibishana karibu nusu saa juu ya karai la maji, na mwalimu akaacha kujitetea, akatoa kalamu.

Katika toleo la pili mama anapima vikombe vitatu, vile vya chai ya asubuhi, na mtoto mdogo anauliza mbona leo hakuna chai. Nimeisoma aya hiyo mbele ya watu mara nyingi na kila mara chumba hunyamaza. Mhariri wa kulipwa asingeipata. Ilitoka kwa mtu anayeshika mpira wa maji kila siku.

Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya mwandishi, na kwangu inazidi mauzo. Lakini mauzo nayo yalikuja. Maboksi matatu yaliisha kwa miezi mitano, nakala mbili hapa, nne pale, pesa zikiingia kwa M-Pesa kutoka kwa watu ambao mwalimu hakuwajua hata kwa sura. Mtu akishasikia jirani yake akikibishania kitabu, anataka kuona mwenyewe kulikoni.

Kwa mhakiki, faida huanza na kitabu chenyewe. Tangu sheria ya VAT ya mwaka 2013, vitabu nchini Kenya vinatozwa kodi ya asilimia 16, na kitabu cha shilingi mia nane kwa mtu anayepata mia tano kwa siku si kitu cha kununuliwa. Dada wa Lindi leo ana rafu ya mbao aliyotengenezewa na fundi wa jirani, na juu yake vitabu tisa, vyote vya ziara. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba ameitwa na akina mama wa kanisa lake kuwasomea kila mwezi. Watu waliomjua kwa mitungi sasa wanamjua kwa maneno yake. Kijana wetu wa Gatwekera alipeleka hakiki zake nne pamoja na barua ya kuomba kazi, akazieleza alipohojiwa. Na yupo bi mmoja wa Makina, Mnubi na Mwislamu, ambaye ukoo wake umekaa huko tangu mtaa ulipokuwa bado kibra, yaani msitu kwa lugha yao. Yeye hutusomea kwa ajili ya Kiswahili tu. Imani anatuachia wenyewe, lakini kosa la ngeli haliachi.

Zamani makanisa yetu yalikuwa na mahali pa kazi hii ya uhakiki. Miaka ya 1960 yalianzisha Nairobi gazeti la Lengo kwa Kiswahili na pacha wake Target kwa Kiingereza. Henry Okullu, aliyekuja kuwa askofu wa Maseno Kusini, aliwahi kuwa mhariri wa Target, na mwaka 1974 Uzima Press ikachapisha kitabu chake juu ya kanisa na siasa Afrika Mashariki. Walikuwa watu wasioogopa kusema. Magazeti yale hayapo tena, na msomaji Mkristo wa Kiswahili amebaki bila wa kumwambia kitabu gani kinafaa pesa yake. Pengo hilo mtu wa Lindi mwenye penseli anaweza kulijaza, mradi aseme kweli.

Kusema kweli ndiko kwenye kazi. Sisi wa mitumba nguo za daraja la kwanza tunaziita kamera, na mabaki ya mwisho tunayaita fagia. Ukimwuzia mteja fagia ukamwapia kuwa ni kamera, umemwuzia mara moja tu maishani. Mhakiki anayesifu kila kitabu kwa "ubarikiwe sana mtumishi" anafanya vivyo hivyo, na anayeumia si yeye peke yake.

Nalisema hili kwa sababu nilikwisha kulikosa. Miaka kadhaa iliyopita mchungaji mmoja alinipa kitabu chake cha ushauri wa ndoa nikihakiki. Nilikuta sura mbili zinazomwambia mke anayepigwa avumilie na kuomba. Niliandika kwamba sura hizo zitaumiza watu. Kabla sijasoma uhakiki huo mbele ya mtu, mzee mmoja wa kanisa alinipigia simu akaniambia mtumishi wa Mungu hasahihishwi hadharani. Nikaufuta. Nikaandika mistari minne ya pongezi, nikaisoma Jumapili, watu wakasema amina. Januari iliyofuata, jua kali, mteja wangu mmoja alikuwa akichagua sweta ya mikono mirefu. Akaniambia kile kitabu alikinunua kwa sababu nilikisifu. Hakunilaumu. Alilipa akaondoka, na mimi nikakaa juu ya mzigo wangu wa nguo, nisiweze kuuza tena siku hiyo.

Kwa hiyo sasa hatupokei kitabu cha mwandishi asiyekubali kusikia kasoro yake mbele za watu. Tunamwambia mapema. Hatupokei malipo, hata nauli, kwa sababu mia mbili ya nauli inaweza kununua kivumishi. Na kila mhakiki, kabla ya neno lolote, hutangaza kwamba kitabu amepewa bure. Marekani jambo hili lina mwongozo wa serikali: tangu Desemba 2009 tume yao ya biashara inataka anayesifu bidhaa mtandaoni aseme kama amepewa zawadi na mwenye bidhaa, na kitabu cha bure kimo. Sisi hatukungoja serikali. Msomaji wa Kawangware ana haki ileile ya kujua nani kamlisha mhakiki.

Wapo wanaosema watu wa mitaa ya mabanda wana njaa, hawana haja ya riwaya. Waje waone foleni ya watoto kwenye maktaba ya umma ya Kibera msimu wa mitihani, kisha wanieleze tena. Wapo pia wachungaji wanaohofia kwamba kubishania kitabu cha mtumishi kutaleta mgawanyiko. Kule Lindi watu walibishania karai karibu nusu saa, wakamaliza kwa sala na wakasindikizana usiku hadi barabarani.

Nawaomba basi waandishi wenye maboksi, na najua mko wengi, kuanzia Gatina hadi Silanga. Pesa za hema na keki zitoshe kuchapisha nakala kumi na mbili za kugawa. Zipelekeni kwa watu wasiowajua, na mje mkae kwenye kiti mkisikiliza. Nanyi wachungaji, tupeni dakika ishirini katika ushirika wa nyumbani, mara moja kwa mwezi, bila kutuchagulia la kusema.

Ziara yetu ijayo inaanza Congo Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kitabu ni cha mama mmoja wa Kabiro, kimeandikwa kwa Kiswahili, kurasa tisini, na nakala zake kumi na mbili ziko tayari chini ya meza yangu Toi.