Kuku Akivimba Tumbo



Katika nyumba nyingi kuku ni mali ya mama. Ng'ombe huuzwa baada ya kikao cha ukoo, lakini kuku ni neno la mama mwenyewe. Ndiye daftari la mtoto, ndiye sabuni ya wiki, ndiye kitoweo mgeni anapobisha hodi jioni bila taarifa. Kwa hiyo kuku anapougua, wa kwanza kupata hasara ni mama, na anayeulizwa la kufanya ni yeye pia. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya shida inayowapata sana kuku wa kisasa wa mayai tunaowafuga siku hizi, nayo ni kuvimba tumbo.

Sisi ni wauguzi wa watu, na mwenye neno la mwisho kuhusu mifugo ni daktari wa mifugo. Lakini jambo la kwanza tulilofundishwa wodini ni kumtazama na kumgusa mgonjwa kabla ya kushika chupa ya dawa, na jambo hilo linamfaa kuku vilevile. Tumbo kuvimba si jina la ugonjwa. Ni dalili tu, na nyuma yake kuna mambo yasiyofanana hata kidogo. Moja linaweza kutulizwa nyumbani kwa beseni la maji ya uvuguvugu. Mengine hayaponi kwa beseni wala kwa kidonge, na mama asiyeyatofautisha hupoteza fedha, na pengine huileta hatari jikoni kwake.

SI KILA UGONJWA NI MDONDO

Wengi wetu, kuku akizubaa tu, tunasema ni mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita. Mdondo hauji hivyo. Hupita bandani kwa kasi, kuku wengi huugua kwa pamoja, wengine huharisha kijani, wengine hupinda shingo, na ndani ya siku chache banda huwa tupu. Ugonjwa huo hauna tiba. Kinga yake ni chanjo, na ile ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne.

Tumbo kuvimba kwa kawaida humpata kuku mmoja, na huyo ni tetea anayetaga au aliyekwisha kutaga kwa muda mrefu. Wenzake wanakula na kukimbizana, yeye amejitenga kando ya ukuta. Mshubiri, pilipili au majivu kwenye maji ya kunywa hayatamsaidia.

MSHIKE KABLA YA KUMTIBU

Mchukue jioni, wakati ametulia. Mkumbatie kwa mkono mmoja, kichwa chake kielekee nyuma yako. Kwa mkono wa pili, papasa kwa upole sehemu iliyo kati ya miguu, kuanzia mwisho wa mfupa wa kidari hadi kwenye tundu la kutagia. Tetea mzima anayetaga ana tumbo laini na pana, lakini hali hiyo si uvimbe. Ukiwazoea kuku wako wazima kwa mkono, mgonjwa utamtambua mapema.

Yako mambo manne ambayo mkono wako unaweza kuyakuta.

La kwanza ni mafuta. Tumbo ni zito na laini, kidari kimejaa nyama, kuku anakula na kutembea vizuri. Huyo hana haja ya dawa. Mpunguzie mahindi na umpe nafasi ya kutembea.

La pili ni yai lililokwama. Kuku anaingia kwenye kiota na kutoka bila kutaga, anajikamua, amesimama wima na mkia umeshuka. Tumbo lenyewe huenda lisiwe kubwa sana, lakini karibu na tundu la kutagia unahisi kitu kigumu cha mviringo.

La tatu ni maji. Tumbo limejaa kama mfuko wa plastiki uliotiwa maji, linatikisika ukiligusa, na mara nyingi limening'inia. Lakini kidari kimekonda, mfupa wake unakata kama kisu. Kuku anahema kwa mdomo wazi na upanga wake kichwani umepauka au umekuwa wa zambarau.

La nne ni uvimbe mzito kama donge la ugali lililopoa, wakati mwingine wenye joto. Hapo mara nyingi ni ute wa mayai uliooza ndani, usaha ulioganda katika njia ya mayai, au saratani.

KWA NINI TETEA WA KISASA?

Tetea wa kienyeji hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa vipindi. Hutaga, hulalia, hulea vifaranga, na muda huo wote mwili wake unapumzika. Tetea wa kisasa wa mayai amezalishwa ili atage karibu kila siku, na wako wanaofikia mayai 300 kwa mwaka. Kila yai hukaa katika njia ya mayai kwa muda wa kama siku nzima, na ganda lake peke yake huchukua takriban gramu 2 za kalsiamu. Njia hiyo haipati mapumziko. Kiini kikikosa kuingia kwenye njia yake, huanguka ndani ya tumbo. Kimoja mwili unaweza kukimaliza wenyewe, lakini vikizidi, na vijidudu vikavifikia, tumbo zima huvimba.

Kuku pia ni mmoja wa wanyama wachache wanaopata saratani ya ovari wao wenyewe, yaani ile sehemu inayotengeneza mayai, na kwa sababu hiyo watafiti wa saratani hiyo kwa wanawake huwachunguza kuku. Hapa, mama mpendwa, tukuombe jambo moja. Nasi tunazo ovari. Tumbo lako likijaa gesi au kuvimba kwa wiki kadhaa bila kupungua, ukashiba upesi kuliko kawaida, usingoje lipite. Nenda hospitali ukapimwe. Tunawajua akina mama wanaomwona kuku aliyevimba kwa siku moja, lakini tumbo lao wenyewe hulificha ndani ya kitenge kwa miezi.

YAI LIKIKWAMA

Hili ndilo unaloweza kulishughulikia mwenyewe, na muda ni mfupi. Chukua beseni la maji yenye joto la kumwogeshea mtoto mchanga. Yapime kwa kiwiko chako. Mwingize kuku hadi maji yafunike tumbo, umshike kwa utulivu kwa dakika 15 hadi 20. Joto hulegeza misuli. Kisha mkaushe vizuri, maana kuku aliyelowa hupata baridi upesi. Mpake mafuta safi ya kupaka kwenye tundu la kutagia kwa kidole kilichooshwa, umweke kwenye boksi lenye nyasi kavu, mahali penye joto, giza kidogo na pasipo makelele. Mpe maji safi ya kunywa. Kama una chokaa ya mifugo, mpe kidogo kwenye chakula, kwa sababu misuli inayosukuma yai nayo inahitaji kalsiamu.

Mwache saa moja au mbili. Yai lisipotoka, rudia. Usilikamue tumbo kwa nguvu, wala usilivunje yai likiwa ndani, kwa kuwa ganda lililovunjika hukata kama wembe na vijidudu huingia kwenye jeraha. Siku moja ikipita bila yai kutoka, mtafute daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Maji ya tumboni ni habari nyingine. Daktari wa mifugo anaweza kuyapunguza kwa sindano ili kuku apumue, na huyatoa polepole. Hospitalini nasi hatuyatoi maji ya tumbo la mgonjwa kwa pupa, maana mwili unaweza kushtuka na mtu akazimia. Usijaribu kumchoma kuku sindano nyumbani. Na ujue mapema kwamba maji hayo kwa kawaida hurudi, kwa sababu chanzo chake, kiwe ini, moyo, saratani au mayai yaliyooza, bado kipo. Kama kuku anahema kwa shida na hali tena, kumpumzisha haraka kwa mkono wa anayejua ni huruma kuliko kumwacha bandani siku tano akiteseka.

KIDONGE CHA RANGI MBILI, NA KISU

Mama mmoja wa mtaani kwetu alinunua matetea wanane kwa fedha za upatu. Mmoja akavimba tumbo. Kwa siku tatu akampa dawa ya rangi mbili iliyobaki baada ya mtoto kuugua kikohozi. Kuku hakupona. Majirani wakamwambia amuwahi kwa kisu kabla hajafa, ili Jumapili watoto wapate nyama. Tulipompapasa tumbo lilikuwa maji matupu. Yule mama akauliza swali ambalo akina mama wengi hujiuliza: "Sasa nimtupe? Nyama ikichemka si vijidudu vinakufa?"

Ni swali la haki. Aliyehesabu shilingi za upatu hawezi kuambiwa "tupa" kwa mdomo mwepesi. Tulimjibu hivi. Ni kweli kuchemsha sana huua vijidudu vingi. Lakini kabla ya sufuria kuna mikono inayonyonyoa na kutoa matumbo. Usaha na maji hayo humwagika juu ya kibao cha kukatia, kwenye kisu, kwenye sinki au beseni, na baadaye kachumbari hukatwa hapohapo. Mtoto wa miaka miwili huharisha kwa kachumbari hiyo, wala si kwa nyama iliyoiva. Pili, moto hauondoi dawa yote iliyobaki ndani ya nyama. Dawa za mifugo huwa na siku za kungoja zilizoandikwa kwenye karatasi yake, na katika siku hizo hata mayai hayaliwi wala hayauzwi. Kidonge cha binadamu hakina maandishi hayo kwa ajili ya kuku, kwa hiyo hakuna anayejua angojee siku ngapi. Tatu, dawa ikitolewa kwa kubahatisha huwafundisha vijidudu kuizoea, na siku mtoto atakapoihitaji kweli itashindwa kufanya kazi.

Yule mama alimzika kuku wake, na hakufurahi. Watoto walikula maharage Jumapili ile. Lakini alibaki na matetea saba, na tulipotazama gunia la chakula tukakuta mahindi yaliyoota ukungu. Aliyanunua kwa bei rahisi akiamini kwamba yasiyofaa kwa ugali yanafaa kwa kuku. Gunia lile liliondolewa siku ileile.

Basi kuku mwenye maji tumboni, usaha au madonge asiingie sufuriani. Azikwe kwenye shimo refu, mbali na kisima, afukiwe vizuri ili mbwa wasimfukue. Osha mikono kwa sabuni. Na kama kuku kadhaa wanakufa ghafla kwa pamoja, usiwachinje wala kuwashika kwa mikono mitupu. Watoto wasiwasogelee. Mpe taarifa afisa mifugo wa kata.

USIPOZIBA UFA UTAJENGA UKUTA

Mambo machache ya kila siku hupunguza shida hii.

Matetea wanaotaga wapewe chakula cha kuku wa mayai, si cha vifaranga wala cha kuku wa nyama, ambacho hakina kalsiamu ya kuwatosha. Wawekee pembeni chombo cha chokaa ya mifugo, makombe ya baharini yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kupondwa, wadonoe wenyewe.

Mahindi na pumba zenye ukungu zisiingie bandani. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu, inayoharibu ini la kuku, na ini likiharibika maji huweza kujaa tumboni. Sumu hiyo hiyo huua watu. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua na wengine kufariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Angalia pia chumvi. Dagaa wenye chumvi nyingi wakizidi katika chakula, nao huleta maji mwilini, hasa kwa vifaranga.

Viota viwe vikavu na visafi, nyasi zibadilishwe, maana vijidudu vingi hupanda kwenye njia ya mayai kutoka kwenye uchafu. Na usiwashe taa bandani usiku kucha ili wazidi kutaga. Giza ni mapumziko yao.

Haya yote hayagharimu kama kununua tetea mwingine. Jioni hii, kabla ya kufunga banda, mshike mmoja mmoja, papasa tumbo, tazama upanga na kidari. Ukimaliza nawa mikono, kisha ndipo ukapakue chakula cha watoto.