Mrudishieni Gitaa Lake

Wako wazee wetu hapa Kitui na Makueni wasemao kwamba kijana apigaye gitaa la debe na kubadili maneno ya nyimbo za Kilimambogo Brothers ni mwivi, tena mvivu. Mimi nayapinga maneno hayo. Kakai Kilonzo, kiongozi wa bendi hiyo, aliyefariki mwaka 1987, hakuizua benga. Ilitoka kwa Wajaluo wa Nyanza, walioyahamishia katika gitaa mapigo ya nyatiti. Wakamba wakaipokea, wakaiimba kwa Kikamba chao. Je, naye alikuwa mwivi?

Mwanafunzi wangu mmoja alitwaa sauti ya wimbo wa benga, akatunga maneno juu ya mama yake achimbaye mchanga wa mto mkavu apate maji. Mwalimu mwenzangu akamnyang'anya gitaa, akamwambia akasome. Kusoma gani? Ni insha ipi iliyopata kumfanya apime kila silabi namna ile? Kunakili neno kwa neno ni uvivu, nakubali. Na auzaye wimbo wa mwenziwe bila ruhusa avunja Sheria ya Hakimiliki iliyotungwa mwaka 2001. Lakini huyu hakuuza kitu. Aliongeza. Mrudishieni gitaa lake.