Bibi Salme binti Said: Tumseme Wenyewe

Hapa Emali, baada ya sala ya Ijumaa, kijana mmoja aliyetoka Mombasa kwa biashara aliniuliza: "Maalim, ni kweli binti wa Sultani wa Unguja alitoroka na Mzungu?" Kabla sijafunua kinywa, mzee mmoja akamkatiza: "Hayo, mwanangu, ni ya aibu, hayasemwi."

Mimi nasema yasemwe. Tukinyamaza sisi, wako wanaoyasema kwa niaba yetu, nao huyageuza hadithi ya mapenzi ya kuwauzia watalii.

Bibi Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkasi aliyetekwa angali mtoto. Said alipofariki baharini mwaka 1856, akitoka Oman, aliacha watoto 36 walio hai, na binti huyu wa miaka 12 akapata fungu lake la mali na shamba. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikamchukua mama yake.

Sisi tuliopitia chuoni tunajua desturi ya zamani: msichana afunzwe kuusoma Msahafu, lakini kalamu asipewe. Salme aliichukua mwenyewe. Alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa siri, mpaka mkono ukakubali. Na ajabu ni kwamba wa kwanza kufaidi kalamu hiyo ni kaka yake, Sayyid Barghash. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua Sayyid Majid, barua za fitina ile ziliandikwa na dada wa miaka 15. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Salme akapatana na Majid, na hilo Barghash hakulisahau.

Kisha ndiyo yale ambayo mzee wetu hataki yatajwe. Alijuana na jirani, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, akashika mimba, na Agosti 1866 akaondoka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alizaa mtoto wa kiume, na tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku ile ile. Mtoto akafa njiani kwenda Ulaya. Mwaka 1870 mumewe aligongwa na gari la farasi lipitalo relini, akafa, akamwachia watoto watatu: Antonie, Said na Rosalie, mkubwa akiwa na miaka miwili tu.

Mimi sitetei kosa lake. Aliacha dini, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini tutenganishe mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya. Mirathi ni sheria: mwenye dini nyingine hamrithi ndugu yake Mwislamu, na kadhi yeyote angemjibu hivyo alipodai mafungu ya ndugu zake waliokufa. Udugu si mirathi. Asmaa binti Abubakar alipomwuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu mama yake aliyekuwa bado mshirikina, aliambiwa aunge naye ujamaa. Basi Barghash alikuwa na haki ya kumnyima fedha, salamu je?

Mwaka 1875 Barghash alikuwa London. Dada akasafiri kumtafuta, na Sir Bartle Frere akamzuia kwa ahadi za msaada kwa wanawe, ahadi ambazo hazikutimizwa. Mwaka 1885 akaja Unguja yenyewe, mara hii kwa meli ya Kijerumani, Bismarck akimtumia kama karata katika mchezo wa kutwaa bara. Hapo namwelewa Barghash: dada akija na mizinga nyuma yake si mgeni wa kufunguliwa mlango kwa furaha. Walakini wananchi walimlaki njiani kwa shangwe, na nyumba ya ndugu yake ikabaki imefungwa. Akaja tena mwaka 1888, ikawa vile vile.

Wala Emali isijione mbali na habari hii. Misafara ya Wakamba, wakati wa akina Kivoi wa Kitui, iliteremsha pembe za ndovu mpaka Mombasa, na tangu Said alipoitwaa Mombasa mwaka 1837 ushuru wake ulikwenda kwake. Pembe za nchi hii, pamoja na karafuu zilizochumwa na watumwa, ndizo zilizolisha nyumba ya Mtoni. Katika kitabu chake cha mwaka 1886, Salme aliutetea utumwa wa kwetu akisema si kama wa Marekani. Hilo ni doa, tena la mtu ambaye mama yake mwenyewe alitekwa. Mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata ukaamua kuliondoa kwa sababu hiyo. Wajerumani basi wamekwisha kujadiliana juu yake, kwa kumpa na kumnyang'anya. Sisi hata hatujaanza.

Wanawe waliishi Kizungu: Antonie aliolewa na gavana wa Kijerumani wa visiwa vya Marshall, na Rosalie na jenerali. Lakini yule wa kiume alijiita Said-Ruete, na mwaka 1929 akatoa kitabu kizima juu ya babu yake, Sayyid Said. Mama mtu alikaa Beirut hadi 1914, mahali alipoisikia tena adhana na Kiarabu, kisha akarudi Ujerumani, akafa Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Katika makaratasi yake zilikutwa barua ndefu alizomwandikia rafiki wa kike aliye kwao, kumweleza baridi, upweke na deni. Ziliandikwa kwa Kijerumani, na hazikutumwa.