Daktari, Uliza Kama Nyumbani Kuna Paka

Mtoto anafikishwa zahanati na uvimbe kwapani, mkubwa kama yai la njiwa, pamoja na homa isiyo kali. Mganga anamuuliza mama kuhusu kikohozi, jasho la usiku, na kama nyumbani yupo anayetibiwa kifua kikuu. Maswali hayo ni ya lazima, kwa kuwa kifua kikuu cha tezi kimeenea Afrika Mashariki. Ila lipo swali jingine, jepesi kusahaulika: mtoto huyu anacheza na paka?

Jarida hili linataka swali hilo liulizwe kila tezi zinapovimba bila sababu ya wazi.

Ugonjwa wa mikwaruzo ya paka ulielezwa mwaka 1950 na Robert Debré, daktari wa watoto wa Paris, pamoja na wenzake. Bakteria anayeusababisha, Bartonella henselae, alikuja kutambuliwa miaka ya 1990. Kiroboto ndiye anayemsambaza kutoka paka mmoja hadi mwingine. Kinyesi chake, vile vichembe vyeusi vinavyoonekana manyoya yakipanuliwa, hunasa kwenye makucha paka anapojikuna. Kucha ikichana ngozi ya mtu, bakteria hupenya. Kwanza hutokea kipele, kisha baada ya wiki moja hadi tatu tezi zilizo karibu huvimba. Vitoto vya paka ndivyo vinavyoambukiza zaidi, na kwa kawaida paka mwenyewe haonyeshi dalili yoyote.

Wengi hupona bila dawa. Asiyestahili kuachwa hivihivi ni mtu mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana. Kwake bakteria huyohuyo huotesha vivimbe vyekundu vya mishipa ya damu kwenye ngozi, na vivimbe hivyo hufanana mno na saratani ya Kaposi. Saratani hiyo huweza kuhitaji dawa kali za sumu, ilhali vivimbe vya Bartonella huisha kwa erithromaisini au doksisaiklini, dawa za bei nafuu. Kuvichanganya viwili hivi ni kumtesa mgonjwa bure.

Kung'atwa ni balaa la namna nyingine, tena la haraka. Jino la paka ni jembamba na refu: huacha tundu dogo linalojifunga upesi, huku Pasteurella multocida, bakteria wa kawaida wa kinywa cha paka, akiwa ameshapandwa ndani kwenye kano au kiungo. Kabla siku haijapita mkono umevimba na unawaka moto. Madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walipitia majalada ya watu 193 waliong'atwa na paka mkononi kati ya 2009 na 2011. 57 kati yao walilazwa. Tundu hilo dogo ndilo linalowadanganya watu wakakaa nyumbani.

Kumfukuza paka hakuna maana, hasa penye panya. Viroboto wauawe, na watoto wakatazwe kumkamata paka kwa nguvu. Mkwaruzo uoshwe mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni. Jeraha la meno lipelekwe zahanati siku hiyohiyo, ambako pia itaamuliwa kama mgonjwa apewe chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huambukiza ugonjwa huo.