Taa ya kijani haipimi maji

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Niliwahi kuandika programu ya kutathmini vioski vya maji vya sola, vile vinavyojitegemea bila mabomba ya mji. Pampu ikizunguka, taa kijani; ikizima, nyekundu. Nikajivunia. Kisha nikapanga foleni Karagita, kando ya Moi South Lake Road, na mtungi wangu wa lita 20. Mama aliyekuwa mbele yangu akauliza nafanya kazi gani, nikamweleza. Akasema, "Na hiyo kompyuta yako inajua haya maji yanaharibu watoto meno?"

Haikujua. Hifadhidata nzima haikuwa na safu hata moja ya floraidi.

Na sisi watu wa Bonde la Ufa ndio tungepaswa kujua! Miamba yetu ya volkano huijaza floraidi kwenye maji ya visima. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, tena maji yakipungua sufuriani inakolea zaidi. Klorini haiigusi. Mkaa wa mifupa huinasa, lakini nao hujaa, na siku umejaa pampu inazunguka vilevile na taa yangu inawaka kijani. Hakuna hitilafu mbaya kama ile isiyotoa ujumbe wowote.

Mtasema vipimo ni ghali. Basi pimeni mara moja kwa mwezi, muandike tarehe na namba kwa chaki ukutani pa kioski. Hiyo haihitaji hata seva.

Wanaouza mashine za kuchuja kwa utando nao wajibu swali. Maji yake ni mazuri, sibishi. Lakini yale yanayobaki, yenye floraidi iliyokolea, yanamwagwa wapi? Ziwa Naivasha liko hapo chini. Ni hadithi ileile ya vyoo: ripoti inahesabu vilivyojengwa, haihesabu kinyesi kilichozolewa wala kilikopelekwa. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likaingia Kihoto. Choo cha shimo kilichozama kina rangi gani kwenye skrini yenu?

Msimbo ule bado ninao. Wiki hii naongeza rangi ya tatu, kijivu, maana yake "hatujapima". Nimeijaribu jana usiku. Ramani yote ikawa kijivu.